Jinsi Bi Somoe Alivyonifundisha Kumpima Mwanamke

Wanangu mlioanza kushona juzi na jana, wengi wenu mmenikuta nimeshaacha kazi. Macho yamekataa kuliona tundu la sindano, na mgongo hautaki tena kuinamia cherehani kutwa. Lakini bado mnapita barazani kwangu hapa Ufukoni na gauni linalovuta kwapani au zipu iliyojikunja kama mjusi, mnaniuliza mfanyeje. Majuzi binti mmoja wa Likombe alinikuta namwelekeza mwenzake namna ya kupima, akacheka. Akauliza kwa nini mteja ndiye ashike futi, na fundi asimame pembeni mikono mitupu kama mgeni. Nikamwambia akae, maana jibu lake si fupi. Alikuwa na haraka, hakukaa. Basi namwandikia yeye, na nyinyi wengine mtasoma.

Nilianza kazi sokoni kwa fundi mwanamume. Alikuwa hodari wa suruali, sitamnyima sifa yake. Lakini mbele ya duka aliweka benchi, na benchi lile halikukosa wanaume: huyu anasubiri kaptula yake, yule hana anachosubiri. Akija mwanamke kupimwa, fundi alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akamzungushia futi na kutaja namba kwa sauti ili mimi niandike. Kifua, kiuno, nyonga. Kila namba benchi lilikuwa na neno la kuongeza. Alikuwapo mmoja ambaye kila siku aliomba ile ya mwisho irudiwe, eti hakusikia vizuri. Wanawake nao walikuwa wanacheka, kile kicheko cha kutaka jambo liishe upesi mtu ajiondokee. Wengi hawakurudi mara ya pili. Fundi alilaumu mitumba.

Nilipohamia kwa Bi Somoe, nilifika na futi langu shingoni, najiona fundi kamili. Bi Somoe alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mikindani, mwembamba, si msemaji sana. Alishonea uani kwake, na nyuma yake palikuwa na chumba kidogo chenye pazia la kaniki. Aliliangalia lile futi, akasema, "Hilo litundike ukutani. Litapima vitambaa. Watu hatuwapimi nalo."

Yeye alipimia uzi. Uzi wa pamba, ule mnene wa kufungia magunia, alioukata vipande virefu. Mteja aliingia nyuma ya pazia na kipande chake cha uzi, akauzungusha mwilini mwake mwenyewe. Bi Somoe alikaa upande wa pili anaelekeza kwa mdomo: panda kidogo, hapo hapo, pumua, usiniingizie tumbo ndani maana gauni halitakuja kukuingizia. Pale uzi ulipokutana, mteja alifunga fundo. Uzi ukatoka nje, ukalazwa juu ya kitambaa, tukakata. Hapakutajwa namba, kwa sababu hapakuwa na namba. Na siku ya kuchukua nguo, mteja aliondoka na nguo yake na uzi wake.

Kuna jambo la ufundi hapa, msilipite. Bi Somoe alikuwa akimwambia mteja afunge fundo la nyonga akiwa amekaa. Mafundi wengi hupima mtu akiwa amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa, halafu wanashangaa sketi imepasuka nyuma. Mwanamke anakaa, anachuchumaa kuosha vyombo, anapanda gari, anambeba mtoto. Mshonee mwanamke anayefanya kazi zake. Mkimshonea yule aliyesimama tu, mmemshonea anayemtazama.

Uzi ulikuwa na matatizo yake. Msimu mmoja wa korosho walikuja wake wenza wawili kutoka kijiji cha upande wa Mnazi Bay, na vitambaa vya aina moja, vya harusi ya mtoto wa mkubwa. Mkubwa alikuwa mwanamke mpana, mwenye mwendo wa taratibu. Mdogo alikuwa mwembamba kama mwiko. Nikazichanganya nyuzi zao, msiniulize namna gani. Mishono ilikuwa mizuri ajabu, kola zimelala, vifungo vimenyooka, ila kila gauni lilikuwa la mwenzake. Walipojaribu, nilisikia vitambaa vikivutwa nyuma ya pazia, kisha mkubwa akasema, "Fundi, hili umenishonea la mwaka nilioolewa." Mdogo naye akajibu kwamba lake linawatosha yeye na mume. Nilitamani ardhi inimeze. Wao walicheka mpaka wakakaa chini, wakabadilishana, mambo yakaisha. Tangu siku ile Bi Somoe alimtaka kila mteja afunge alama yake mwenyewe mwishoni mwa uzi: ushanga, kifungo, ganda la korosho. Hata tuliposhonea watu wengi hatukukosea tena.

Nilikaa naye muda mrefu kabla ya kumuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, na futi lipo ukutani. Tulikuwa tunafumua pindo la kanzu. Hakuacha kufumua. Alinisimulia habari za bibi yake, mzaa mama yake.

Bibi yule alivushwa mto Ruvuma akiwa msichana, akatembezwa mpaka Mikindani, akauzwa. Alisimamishwa uani kwa mtu, nguo ikavuliwa. Wakamfungua mdomo wakatazama meno. Wakamshika kifua kukisia umri wake. Wakamwonyesha kwa mikono ajigeuze, aende, arudi, ainame. Walikuwa wakisema wanachokiona, mmoja anataja na mwenzake anakadiria. Yeye wakati ule hakujua Kiswahili. Yale maneno yalimkaa kichwani kama sauti tu, jinsi unavyoweza kushika wimbo wa lugha usiyoijua. Akaishi Mikindani, akajifunza Kiswahili pole pole, jikoni na kisimani. Na siku moja, amekwisha kuwa mtu mzima, amekaa anachambua mchele, zile sauti zikamfungukia. Akajua walisema nini juu yake, neno kwa neno.

"Njaa alitusimulia akicheka," Bi Somoe aliniambia. "Safari alitusimulia. Lile la maneno alimwambia mama peke yake, na mama akaniambia mimi nilipoanza kushona."

Nikamuuliza kama mama yake naye ndiye aliyemfundisha kutumia uzi. Akasema mama yake alikuwa na yake. Zama za wakoloni alipita mzungu mmoja na vyombo vya chuma vya kupimia watu, na kamera. Habari zikaenea kwamba anapiga picha. Mama yake Bi Somoe, binti wa watu, akavaa kanga mpya, akajipaka mafuta, akaenda. Akaambiwa avue. Picha ya mwanamke wa huku aliyevaa vizuri haikuwa ile aliyoifuata bwana yule. Akapimwa kichwa, midomo, kifua na makalio, na karani akaandika. Picha ile hakuiona maisha yake yote.

"Kuna kabati huko kwao," Bi Somoe alisema, "mama yangu yumo ndani, hana nguo, ana namba." Akang'ata uzi, akanipa pindo niendelee.

Kesho yake mteja wa kwanza alipokuja, nilikaa upande wangu wa pazia, nikaelekeza kwa mdomo.

Bi Somoe amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mimi nilihamia kwenye futi, sitawadanganya. Kazi za sare zilianza kuwa nyingi, na sare zinataka namba. Lakini desturi niliibakiza: mteja ndiye anayelishika futi, ndiye anayeisoma namba, ananinong'oneza, na nguo ikiisha kile kikaratasi anaondoka nacho. Yule binti anayecheka, hajawahi kuvuliwa nguo mbele za watu.

Msidhani lile benchi la sokoni limekufa. Limeingia kwenye simu zenu. Kabla sijaacha kazi mlikuwa mnaniletea picha za wanawake wenye nyonga ambazo hata mashine haijui zimetoka wapi, mnaniomba nishone gauni litakalowafanya muwe hivyo. Mmoja aliniletea sponji za kushonea ndani ya sketi, kwa sababu mchumba wake alikuwa akimlinganisha na mtu wa kwenye simu. Nilizishona. Sikumgombeza, maana nilimwona jinsi alivyoziangalia, kama mtu anayetazama dawa chungu. Alipokuja kuchukua sketi aliomba nizitoe, zinamwasha kwenye joto. Tukazifanya mto wa kuchomekea pini. Ninao mpaka leo.

Sasa niwasimulie habari ya Zaituni, kwa sababu ndiyo iliyonipima mimi.

Zaituni ni binti wa jirani. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Mama yake anabangua korosho, vidole vimeungua kwa ule utomvu mpaka mistari yake imefutika. Mama yule alimsomesha mambo ya hoteli, na wadogo zake wawili walikuwa wanasubiri wa kwanza apate kazi ili nao wapate ada. Wakati wageni wa kazi za gesi walipokuwa wengi hapa mjini, ilifunguliwa hoteli moja nzuri, na Zaituni akachukuliwa kwa majaribio pamoja na wenzake sita. Yeye ndiye aliyenitaja, nikaitwa kushona sare.

Meneja alikuwa kijana wa nchi hii hii, ila wa mkoa mwingine, mpole wa maneno. Aliniita mama, akanipa soda. Akanieleza anachotaka: sketi nyeusi, fupi kidogo, na kila moja niipunguze kiuno na nyonga kuliko kipimo chenyewe. Nikamwambia itapasuka. Akasema itanyooka. "Wageni wanapenda kuona, mama. Mwanamke wa kwetu ameumbwa, kwa nini tufiche? Ndiyo biashara." Akaongeza kuwa anataka namba za kila mmoja, maana wenye umbo atawaweka mbele kwa wageni, na waliobaki jikoni na vyumbani. Alisema hayo kwa upole ule ule, kama anayepanga viti.

Wasichana walikuwa wamepangwa mstari katika ukumbi wa chakula. Wapishi walitokea mlangoni kutazama. Msimamizi alikuwa na simu mkononi anapiga video. Nikaomba chumba. Meneja akasema ni kazi ya dakika chache, tumalizie hapo hapo. Akamwangalia Zaituni, ambaye alikuwa wa kwanza, akamwambia, "Geuka." Zaituni akageuka. "Tembea mpaka pale. Rudi." Akaenda, akarudi. Wapishi wakaguna.

Nililikunja futi langu, nikaliweka mkobani. Mimi nilikuwa na wateja wengine, hoteli ile isingeniua. Nilikuwa nimekwisha kuchukua mkoba wangu nitoke. Zaituni akanisogelea, hakuinua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, usiondoke. Ukiondoka ataleta mwingine, na mimi ndiye nitaonekana nimeleta mkorofi. Mama amekwisha kuwaambia watoto watarudi shule."

Hapo ndipo niwaombe msome taratibu. Kukataa kwangu kulikuwa rahisi. Ningetoka na heshima yangu mabegani, barabara nzima ikanisifu, na yeye akabaki amesimama pale pale. Nilisimama na mkoba, sijui niweke wapi miguu.

Kwenye meza ya karibu palikuwa na vitambaa vya meza, vyeupe, vipya, bado vina mikunjo ya kiwandani. Nikachukua kimoja, nikawapa wasichana wawili wa mwisho wa mstari. Nikawaambia, "Shikeni juu, kona na kona." Wakainua. Nikamwita Zaituni nyuma ya kitambaa, nikampa futi. Nikakaa kwenye kiti nimewapa mgongo, nikaanza kuelekeza: panda kidogo, pumua, sasa kaa. Alipomaliza alikuja kushika kona, aliyekuwa ameshika akaingia. Wakabadilishana hivyo hivyo wote saba. Wapishi walichoka kutazama kitambaa, wakarudi kwenye masufuria. Msimamizi aliendelea kupiga video ya kitambaa cha meza kwa muda, kisha akaona haya mwenyewe.

Meneja akanijia. Akataka namba.

"Wanazo wenyewe," nikamwambia.

"Mama, mimi ndiye mwajiri."

"Sketi zitawatosha, baba. Ukiona isiyotosha, nirudishie mimi."

Akawageukia wasichana. Akamchagua Zaituni, labda kwa sababu alimwona akininong'oneza. Akamwuliza nyonga zake ni ngapi. Nilijuta kuwahi kufika pale.

"Za kukalia, bosi," akasema. "Zinanitosha."

Mwenzake mmoja akacheka kwa pua, na wengine wakashindwa kujizuia. Meneja hakucheka, lakini hoteli ilikuwa inafunguliwa juma lile lile, wageni wamekwisha kukata tiketi za ndege, na hakuwa na wasichana wengine. Aliniaga kwa adabu. Sare akampa fundi mwingine, ambaye aliwakadiria wasichana kwa macho.

Nguo za kukadiria kwa macho mnazijua. Baada ya siku chache wasichana walianza kunijia, mmoja mmoja, sketi kwenye mfuko. Mmoja hawezi kupanda ngazi. Mwingine alikuwa akiokota kijiko anashuka wima kama ngamia. Nilipofumua mishono nikakuta fundi yule hakuacha akiba hata ya kidole ndani. Wekeni akiba ndani ya mshono, wanangu. Mwili wa mtu hubadilika, na nguo isiyo na akiba ni kama nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Nikawatilia kipande ubavuni, kutoka kiunoni mpaka pindoni, kitenge cheusi chenye maua madogo. Ilionekana kama mtindo. Zaituni alikaa, akachuchumaa, akainama, akazunguka uani kwangu mara kadhaa anajaribu, akasema sasa anaweza hata kukimbia. Meneja aliona, akaziacha. Nasikia mgeni mmoja alisifu kitenge kile, meneja akamwambia ni ubunifu wa hoteli.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Sketi haimzuii mtu mwenye mkono. Mchana mmoja, wakati wa chakula, mgeni alimshika Zaituni makalio huku anaagiza samaki, akawaambia wenzake mezani kitu kwa Kiingereza, wakacheka. Alidhani msichana hajui. Zaituni alisoma Kiingereza chuoni. Alilielewa neno lile palepale lilipotoka. Akaweka sinia mezani. Akamwambia, kwa Kiingereza hicho hicho, kwamba amesikia, na kwamba asirudie. Meneja akaja mbio. Akamtaka Zaituni aombe radhi.

Mimi sikuwapo. Haya alinisimulia yeye siku ile ile, amefika kwangu na sare mwilini, jasho limemlowesha mgongo kwa sababu alitembea kutoka hotelini mpaka hapa bila kukumbuka kupanda bajaji. Alisema alifikiria vidole vya mama yake. Alifikiria wadogo zake. Alifungua mdomo ili aombe radhi, na radhi haikutoka.

Ndipo akasikia sinia jingine likiwekwa mezani, nyuma yake. Kisha jingine, upande wa dirishani. Wenzake walitua walichobeba, kila mmoja pale alipokuwa, wakaja kusimama naye. Wageni wakabaki na uma mkononi. Meneja aliwatazama wote saba, akatazama meza, wali unapoa. Mwishoni alichukua sahani mwenyewe akaanza kugawa, na yule mgeni akaombwa akapumzike chumbani kwake. Jioni Zaituni apumzike, kesho aje kazini kama kawaida, ndivyo alivyoambiwa.

Alinisimulia akicheka, hasa jinsi meneja alivyompelekea mtu supu ya mwenzake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaninyooshea mikono yote miwili, akasema, "Bibi, hebu shika." Nikashika. Ilikuwa baridi kama imetoka kisimani. Nikaishika mpaka ikapata moto.

"Ningekosa kazi," akasema.

"Ungekosa."

"Mama angesemaje?"

Nikamwambia ajinyooshe kwenye mkeka pale barazani, nimalizie gauni la mtu kisha nimchemshie chai. Akalala upande, mkono chini ya shavu, viatu vya hoteli bado miguuni. Kabla sijachomeka uzi alikuwa amekwisha kupotea usingizini, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala utotoni wakati mama yake akimwacha kwangu na kwenda kubangua.

Nikamvua viatu, nikamtandazia kanga yangu. Gauni lile lilikuwa limebaki mshono mrefu wa ubavuni, kazi ya cherehani ya muda mdogo tu. Nikachukua sindano, nikaushona wote kwa mkono, ili mashine isimwamshe.